Asma Ajifunza Kuiamuru Simu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Yuma alimfunga binti yake.

Hakumfunga kwa hasira. Alichukua kipande kirefu cha kitenge, akakizungusha kiunoni mwa mtoto, na ncha yake akaifunga kwenye mguu wa kitanda. Asma aliweza kukaa. Aliweza kusimama na kufika dirishani. Mlangoni hakufika.

"Ni kwa usalama wake," Yuma alimwambia mkewe, Aziza. "Kule inje kuna pikipiki, kuna mawe. Akianguka barabarani, nani atamuinua?"

Aziza hakubishana. Alimpa mumewe chai, akamtazama akiisukuma chukudu yake, ile baiskeli nzito ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka alipokata kona. Kisha akarudi ndani akamfungua mtoto.

Asma alikuwa na miaka kumi. Hakuzungumza. Alitembea akiyumba, na vidole vyake vilikuwa vizito kushika vitu vidogo. Alikuwa na kifafa. Jambo ambalo watoto wengine walijifunza kwa siku moja, yeye alihitaji mwezi mzima. Mganga wa hospitali aliwahi kuwaambia wazazi wake kwamba mtoto huyu ana ugumu wa kujifunza, tena ugumu wa aina nyingi kwa pamoja.

Walikaa Majengo, mjini Goma, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi. Zamani walikuwa na nyumba yao upande wa Kibati. Mwaka 2021, mwezi wa tano, mlima Nyiragongo ulifunguka. Moto ulishuka kama uji, ukala mashamba, ukala nyumba. Aziza alimbeba Asma mgongoni. Walikimbia, na siku chache baadaye, ardhi ilipokuwa bado inatetemeka, wakakimbia tena mpaka Sake. Waliporudi, mahali pa nyumba yao palikuwa na jiwe jeusi linalotoa moshi. Kabla ya hapo Asma alikuwa na maneno matatu: mama, maji, twende. Baada ya hapo hakuwa na hata moja.

Kisha vita. Yuma alikuwa dereva. Alibeba maharage kutoka Bunagana kuleta Goma. Mwaka 2022 waasi waliikamata Bunagana, na lori alilokuwa akiendesha liliteketea njiani. Yeye alirudi kwa miguu. Tangu siku ile alisukuma chukudu, akibeba bidoni, madumu ya maji ya watu wengine.

Katika uwanja ule ule, ua mmoja na wao, alikaa Donatille, mama mshonaji wa nguo. Naye alikuwa amekimbia moto wa mlima. Binti yake, Nishimwe, alikuwa na miaka kumi na minne, naye pia alijifunza polepole. Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, Donatille alisimamisha cherehani yake, akaweka simu juu ya meza, na Nishimwe akaanza masomo.

Siku moja Aziza alimwambia mumewe, "Mama Nishimwe amenialika. Mwalimu wao anakubali kumupokea Asma."

"Masomo ya nini?" aliuliza Yuma.

"Ya kodaje."

"Ya kitu gani?"

Donatille alikuwa mlangoni kwake akipima kitambaa. Alicheka kidogo, akamjibu yeye. "Papa Asma, ni kupanga maagizo. Telefone haina akili yake. Inafanya ile tu mutu anaiambia, moja moja, kwa mpango. Kwanza hivi, halafu vile. Batoto wanafundishwa kuiambia. Hawaandiki maneno. Wanaunganisha vipande vya rangi."

"Mutoto wangu hawezi kusema maji," alisema Yuma. "Ndiye ataiambia mashini cha kufanya?"

"Labda mashini itakuwa na subira kupita batu," alisema Donatille.

Mwalimu aliitwa Généreuse. Alikuwa amefundisha watoto wa namna hii Goma, kisha vita vikamsukuma mpaka Kampala. Wanafunzi wake walikuwa wametawanyika: mmoja katika mahema ya wakimbizi Lac Vert, wawili Bukavu, Nishimwe hapo Majengo. Aliwakusanya wote katika simu. Mwenye macho mabovu alifundishwa kwa sauti. Asiyesikia vizuri alifundishwa kwa picha na ishara. Asiyependa kuonekana alizima kamera, na hakuna aliyemgombeza.

Yuma alitazama somo mara moja tu. Skrini ilikuwa na vipande viwili, kimoja cha njano na kimoja cha zambarau. Asma alipaswa kukivuta cha zambarau mpaka kiguse cha njano. Alikitazama. Alitazama dari. Alilala mezani. Aziza alingoja tu. Dakika zilipita, na kipande hakikusogea.

"Munajidanganya," alisema Yuma, akatoka.

Aziza alimfuata mpaka nje. "Wewe unahesabu yale hawezi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kila siku unahesabu yale hawezi."

Ulipita mwezi. Ikapita minne. Ijumaa moja, Yuma aliporudi, Aziza alimpokea njiani, macho yake mekundu kwa machozi ya furaha. "Ameunganisha! Vipande viwili, yeye peke yake! Ukigusa picha ya paka, paka analia. Ni Asma ameifanya!"

Yuma alikuwa amechoka. Mabega yalimuuma. "Paka," alisema, akaingia ndani kulala.

Neno hilo moja lilikuja kumtesa sana baadaye.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita viliingia mjini. Risasi zililia siku tatu. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka, simu zikanyamaza. Yuma, Aziza na Asma walijilaza chini, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani. Siku ya nne kukawa kimya. Ndani hakukuwa na maji hata ya kumezea dawa.

"Nitaenda ziwani," alisema Aziza.

"Niende mimi," alisema Yuma.

"Mwanaume atakamatwa. Bakina mama wanapita. Ngoja na mutoto."

Alichukua bidoni mbili. Aliondoka pamoja na wanawake wengine watano. Milio ilianza tena kabla ya saa sita. Wanawake watatu walirudi. Aziza aliletwa adhuhuri, juu ya chukudu ya jirani, amefunikwa kitenge. Kipande cha bomu kilikuwa kimempiga kifuani.

Donatille alimchukua Asma akampeleka kwake. Wanawake wa Kiislamu wa mtaa ule walimwosha Aziza nyuma ya nyumba, kwa maji yale yale kidogo ambayo wale watatu walirudi nayo. Alizikwa jioni hiyo kwa haraka, katika shamba la makaburi lililokuwa likipokea wengine wengi. Yuma alirudi akiwa na udongo mikononi. Alimkuta Asma amesimama mlangoni, anatazama njia.

Yuma akapiga magoti mbele yake. Alitafuta la kusema, akakosa. Mwisho akasema, "Mama iko Kindu. Ameenda kusalimia bibi."

Donatille alisikia. Alimvuta kando. "Papa Asma, usimudanganye mutoto."

"Anaelewa nini?" alisema Yuma. "Niambie. Anaelewa nini? Acha alale."

Akawaomba watu wote wa uwanja ule waseme hivyo hivyo. Wakasema. Asma alisikia Kindu, Kindu, Kindu, kutoka kila kinywa, wakati uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa na hakuna mtu aliyeweza kwenda mji huo wa mbali.

Asma aliendelea kusimama mlangoni. Alisimama asubuhi, alisimama mchana. Chakula alikisukuma. Yuma aliifungia simu ya Aziza, ile ya masomo, katika sanduku la nguo. Hakutaka hata kuiona.

Dawa za kifafa zikawa shida. Vituo vya afya vilikuwa vimejaa majeruhi. Yuma alipata vidonge vichache, akaamua kumpa Asma nusu nusu ili visiishe upesi. Hakumuuliza mtu. Baada ya siku nne Asma alianguka karibu na mbabula, jiko la makaa, na mkono wake ukatua juu ya moto. Yuma alimnyanyua akipiga kelele. Alimshikilia kwa nguvu asitikisike. Alimwekea kijiko kinywani, kama alivyoona watu wakifanya tangu utoto wake. Jino moja likavunjika. Mkono ukabaki na kidonda kutoka kiwiko mpaka kifundo.

Kesho yake Yuma alinunua kamba. Safari hii haikuwa kitenge. Ilikuwa kamba ya kufungia mizigo, tena fupi. Aliifunga, akaketi sakafuni mkabala na mtoto. Hakwenda kazini. Asma hakupigania kutoka. Alikaa tu, kichwa chini. Yuma akawaza kwamba ingekuwa heri moto wa mlima ungewachukua wote watatu siku ile, wakiwa pamoja. Aliliwaza neno hilo mara ya pili, polepole, na halikumtisha.

Donatille aliingia bila kubisha hodi. Aliiona kamba. Alirudi kwake, akaja na mkasi wake wa kukatia vitambaa, akaikata.

"Ataanguka!" alisema Yuma.

"Alianguka sababu ya nusu kidonge," alijibu Donatille. "Sasa utaniangusha na mimi kwa hasira? Telefone ya Mama Asma iko wapi?"

Yuma aligeukia sanduku, asilifungue. Donatille alipiga kwa simu yake mwenyewe. Mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ilisikika.

"Papa Asma? Ni Généreuse. Nilisikia. Pole. Pole sana. Asma iko namna gani?"

Yuma alitaka kusema kwamba mtoto ni mzima. Badala yake alilia. Alilia mbele ya wanawake wawili, mmoja chumbani na mwingine kwenye simu, na wote wawili wakamngoja.

Alipotulia, Généreuse alimuuliza juu ya dawa. Yuma alieleza.

"Usipunguze dawa wewe mwenyewe," alisema mwalimu. "Ukipunguza au ukiacha ghafla, kifafa kinarudi kwa nguvu. Leo umupeleke kituo cha afya, waone kidonda, na uwaambie vidonge vimebaki vingapi. Wao ndio wataamua. Na akianguka tena, usimuwekee kitu kinywani. Kijiko hapana, kidole hapana. Usimushikilie. Ondoa moto na vitu vikali. Weka nguo laini chini ya kichwa, umulaze ubavu, uangalie saa. Zikipita dakika tano hajatulia, mukimbize hospitali kwa baganga."

"Nimemuvunja jino," alisema Yuma.

"Ulifanya ulichojua. Sasa umejua kingine."

Kituo cha afya kilimfunga Asma kidonda. Muuguzi alipata dawa za wiki tatu, akamwonya Yuma asizigawe tena. Waliporudi, Yuma alifungua sanduku. Alitoa simu ya Aziza, akaichaji kwa sola ya Donatille.

Skrini ilipowaka, Asma alisogea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kuondoka mlangoni bila kuvutwa. Alinyoosha kidole chake kizito, akaigusa picha ya paka.

"Nyaauu!" ikalia simu.

Yuma aliganda. Haikuwa sauti ya paka. Ilikuwa sauti ya Aziza. Ni yeye aliyejirekodi akilia kama paka, ili mtoto apate sauti ya kutumia. Mwisho wa sauti kulisikika kicheko chake, kifupi, kilichokatwa.

Asma aligusa tena. Na tena. Yuma alitaka kuizima. Mkono wake ulifika kwenye kitufe, ukabaki hapo. Mtoto aligusa mara nyingi sana, na baba akakaa kando yake, akisikiliza alichokuwa amekidharau kwa neno moja.

Jumanne iliyofuata, Yuma aliketi mezani na Asma. Alikuwa na haraka ya kuona faida. Alikamata kidole cha mtoto akakisukuma juu ya skrini. Asma akamng'ata.

"Usimushike mkono," alisema Généreuse kutoka kwenye simu. "Weka mkono wako chini ya wake. Akitaka msaada, atauegemea. Na umwambie kitu kimoja tu. Umesema maneno mengi."

"Nilisema avute kipande cha zambarau, halafu asikipoteze, halafu..."

"Sema: Vuta. Halafu unyamaze. Uhesabu kumi ndani ya roho yako."

"Vuta," alisema Yuma. Akahesabu. Alifika kumi. Akahesabu kumi nyingine. Jasho lilimtoka. Hakuwahi kujua kwamba kunyamaza ni kazi ngumu kuliko bidoni.

Asma hakuvuta kitu siku hiyo. Wala Ijumaa. Jumanne nyingine mtandao haukuwepo kabisa, na Yuma alitaka kuacha. Donatille alimwonyesha kwamba vipande vile vinafanya kazi hata bila mtandao, na kwamba Madame Généreuse hutuma somo kama ujumbe wa sauti, likifika linafika. Alimwonyesha pia vipande vya katoni alivyovipaka rangi kwa ajili ya Nishimwe. Simu ikikosa chaji, mtoto alipanga vya katoni sakafuni.

"Na mwanga wa skrini upunguze," alisema Donatille. "Picha za kuwakawaka zinaweza kuamsha kifafa kwa batu fulani. Dakika kumi zinatosha. Akichoka, acha. Ukimulazimisha, kesho atakimbia meza."

Basi wakafanya hivyo. Saa ile ile, meza ile ile, dakika kumi. Généreuse alimweleza Yuma kwamba Asma asiwekewe picha ishirini mbele yake. Awekewe mbili, achague moja. Yuma aliweka picha ya maji na picha ya uji. Asma alichagua maji. Yuma alirekodi sauti yake mwenyewe: "Nataka maji." Halafu akangoja.

Asma alikivuta kipande cha zambarau, kile cha sauti, kikagusa kile cha njano cha kugusa picha. Vikashikana. Akagusa picha.

"Nataka maji," simu ikasema kwa sauti nzito ya Yuma.

Yuma alikimbia kuleta kikombe. Alikimbia hasa, akajikwaa kizingitini. Asma alikunywa yote.

Katika miezi miwili walipata picha saba. Maji. Choo. Uji. Kichwa. Ndiyo. Hapana. Kila moja Asma aliiunganisha mwenyewe, nyingine kwa siku moja, nyingine kwa wiki mbili. Ya saba aliitaka Yuma. Aliweka picha ya Aziza, akarekodi: "Mama iko Kindu." Aliona itamtuliza mtoto.

Généreuse aliiona. "Papa Asma," alisema, "mama iko Kindu kweli?"

Yuma alitazama pembeni.

"Sitakulazimisha," alisema mwalimu. "Wewe ni baba. Lakini haya ni maneno yake sasa. Atayatumia."

Yuma aliiacha hapo.

Siku moja ya mwezi wa sita, Yuma alikuwa anapika. Simu ilisema nyuma yake: "Kichwa." Kisha tena: "Kichwa. Kichwa." Aligeuka. Asma alikuwa amekaa chini, uso umebadilika. Yuma alitoa mbabula nje kwa haraka. Alitandika mkeka, akakunja koti lake, akamlaza mtoto. Kifafa kilikuja. Hakumshika, hakumtia kitu kinywani. Alimgeuza ubavu, akaangalia saa kwa macho yaliyojaa maji. Dakika mbili. Asma akatulia, akalala usingizi. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Ameniambia," Yuma alimwambia Donatille. Alilirudia kama mtu mwenye homa. "Ameniambia kabla. Mutoto yangu ameniambia."

Ijumaa ya wiki hiyo, kila mtoto alipaswa kuonyesha alichotengeneza. Yule wa Lac Vert hakuwepo. Mahema yao yalikuwa yamevunjwa tangu waasi waingie, na hakuna aliyejua familia ilikokwenda. Généreuse alitaja jina lake hata hivyo, akangoja kidogo, akaendelea. Nishimwe alionyesha maua yanayozunguka. Kisha ikawa zamu ya Asma.

Asma alivuta picha ya mama yake. Chini yake akaweka kipande cha sauti. Halafu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja, akaweka kipande cha pili chini ya kile cha kwanza. Akagusa picha.

"Mama iko Kindu," simu ikasema. "Hapana."

"Amekosea," alisema Yuma haraka. Akakiondoa kile kipande cha pili. Asma akakirudisha. Akagusa.

"Mama iko Kindu. Hapana."

Yuma akakiondoa tena. Asma hakukasirika. Alikirudisha polepole, akahakikisha kimeshikana, akagusa. Kisha akamtazama baba yake usoni. Alikuwa na tabia ya kutazama dari, au mikono yake. Safari hii alimtazama usoni.

"Papa Asma," alisema Généreuse taratibu, "ninafunga somo la leo. Bakia na mutoto. Mwambie kwa maneno mafupi. Usiseme mama amelala, ataogopa kulala. Usiseme amesafiri. Sema ile ilitokea."

Simu ikanyamaza. Donatille, aliyekuwa ameegemea ukuta, alifunika uso. "Siku ile alikuwa kwangu, dirishani," alisema. "Walipomuosha nyuma ya nyumba. Nilikuwa ninalia, sikumuangalia mutoto. Aliona vyote, Papa Asma. Vyote."

Miezi mitano. Miezi mitano mtoto alijua, na kila mtu mzima aliyempenda alimwambia uongo, naye hakuwa na kinywa cha kuwakatalia.

Yuma alipiga magoti. "Asma," alisema. "Mama alikufa. Bomu lilimupiga. Hatarudi. Haiko Kindu. Nilisema uongo." Akahesabu kumi ndani ya roho yake, kwa sababu hakujua cha kufanya kingine.

Asma aliinua mkono wake wenye kovu, akauweka juu ya kichwa cha baba yake. Aliuacha hapo kwa muda mrefu. Kisha akatoa sauti ambayo Yuma hakuwahi kuisikia, ndefu, kutoka chini kabisa ya tumbo. Alilia mpaka jua likaondoka mlangoni.

Jumapili alimpeleka makaburini. Mvua ilikuwa imepita, na mbao za alama zilikuwa zimefutika. Yuma alihesabu mistari, akarudi, akahesabu tena. Alifika kwenye makaburi mawili yanayofanana, na hakujua tena ni lipi. Walikaa katikati. Asma aliweka kiganja kimoja upande huu, na kingine upande ule. Yuma alisoma dua kwa yote mawili.

Tangu siku hiyo Asma hakusimama tena mlangoni. Alikula. Alilala. Yuma anapokwenda kazini humwacha kwa Donatille, na simu imefungwa shingoni mwa mtoto kwa utepe alioushona Donatille, ili maneno yake yasiwe mbali naye. Masomo yanaendelea mtandao ukiwepo. Wanafunzi wawili wapya wamejiunga. Jina la yule wa Lac Vert bado linatajwa kila Ijumaa, na bado halijibiwi. Dawa hupatikana, kisha hukosekana, na Yuma huanza kuzitafuta kabla hazijaisha.

Sauti ya Kindu Yuma aliifuta. Asma mwenyewe aliisukuma simu mbele yake, kwenye picha ya Aziza, akangoja. Yuma alielewa kwamba anaombwa maneno mengine. Ilimchukua siku tatu kuyarekodi, kwa sababu kila alipoanza sauti ilikatika.

Sasa Asma huigusa picha hiyo mara nyingi, mezani, uani, akiwa anasukwa nywele. Simu husema kwa sauti ya Yuma, "Mama alikufa." Na Yuma akiwa karibu, hata akiwa amebeba bidoni begani, husimama na kumjibu.

"Ndiyo, Asma. Alikufa."

Kisha mtoto hugusa picha ya uji, na Yuma huenda kuupika.